Tepu Juu ya Taa Nyekundu

Umewahi kuombwa radhi na mtu uliyemkosea wewe, nawe ukamjibu, "Usijali, yameisha"?

Usinijibu. Na wewe uliyekaa karibu na nguzo, usimwangalie mkeo. Sikiliza kwanza.

Palikuwa na fundi redio mmoja katika usharika wa milimani, ndiye aliyeshika mitambo ya kanisa. Watu walimwita Injinia. Hakuwa injinia. Mara ya kwanza aliitika kwa aibu, ya pili kwa tabasamu, na kufikia ya kumi angenuna ukimwita vinginevyo.

Usharika ule ukarefusha kanisa, benchi ishirini zaidi kuelekea mlangoni. Muumini mmoja akatoa spika mbili kubwa, kimo cha mtoto wa darasa la tatu. Amplifaya ikabaki ileile ya zamani, iliyozoea spika mbili ndogo za kanisa dogo. Wazee wa kanisa wakauliza, kama ilivyo haki yao:

"Injinia, mashine hii itaziweza hizi?"

Nguvu ya spika huandikwa mgongoni mwake, na ya mashine vilevile. Angezigeuza tu akasoma. Lakini mtu anayeitwa Injinia atasomaje mbele za watu kitu anachodhaniwa anakijua? Akaigonga spika moja kwa kidole, kama anayechagua tikiti maji, akasema, "Itatosha, wazee wangu."

Walipoondoka akasoma. Spika zilitaka nguvu mara nne ya ile iliyokuwepo. Akazirudisha ukutani, akanyamaza.

Dawa yake ikawa kuzungusha sauti mpaka mwisho. Sasa, mashine ndogo ukiilazimisha hivyo haikupi sauti kubwa. Inaikata sauti vichwa, inatoa mikwaruzo, na mikwaruzo hiyo ndiyo huunguza vile vispika vya juu, ndani ya spika kubwa, vinavyobeba sauti nyembamba. Ndiyo maana walioiunda waliiwekea taa nyekundu: ikiwaka, punguza. Ikawaka. Mama mmoja wa benchi la mbele akasema, "Injinia, hiyo taa mbona inatukodolea macho?" Injinia akakata kipande cha tepu nyeusi ya umeme, akakibandika juu ya taa. Mama akaridhika. Ibada ikaendelea.

Katika kwaya ya pale alikuwapo bibi mmoja. Mumewe alipigwa na kiharusi mwaka uliotangulia. Hasemi, masikio mazito, na kiti chake cha magurudumu hakipiti kati ya benchi. Basi hukaa nyuma kabisa, mlangoni. Lakini mkewe akiimba, kidole kimoja cha yule mzee hugonga goti, taratibu, kwa mapigo ya wimbo. Ndoa ya miaka hamsini, na mazungumzo yao yote yaliyobaki yalikuwa kidole hicho.

Jumapili ya shukrani, bibi akaenda kwenye meza ya mitambo kabla ya kengele.

"Mwanangu, leo naimba peke yangu. Nifikishie sauti mlangoni pale. Kwingine hakunihusu."

"Bibi, leo watakusikia mpaka sokoni!"

Akaimba. Ubeti wa kwanza ukatoka kama gunia linalopasuliwa. Wa pili ukaja na harufu ya plastiki inayoungua. Wa tatu haukuwa maneno tena, ulikuwa mngurumo. Bibi akatazama mlangoni. Kidole kilikuwa kimetulia.

Wazee wakamzunguka Injinia. "Kulikoni?"

Mdomo ukamtangulia. "Bibi ameikaba maiki, wazee. Halafu sauti yenyewe imechakaa, ina mikwaruzo. Ndiyo iliyoziunguza spika."

Jumanne bibi akapiga hodi kwenye kibanda chake cha redio. Joho la kwaya amelikunja kwapani, mayai sita kayafunga kwenye kitambaa.

"Joho hili mpe mwalimu wa kwaya, mimi naona haya. Na haya mayai ni yako. Nisamehe, mwanangu, nimeharibu mali ya kanisa. Sikujua kama sauti yangu imefika huko."

Injinia akayapokea. Akasema, "Usijali, Bibi. Yameisha."

Naona mmemkunjia uso. Polepole jamani. Sisi je? Tumepewa nyumba, watoto, wagonjwa, vyeo, vitu vizito kuliko nguvu zetu. Hiyo si dhambi. Ile amplifaya ndogo haikuwa na kosa kwa udogo wake. Iliimba vizuri miaka yote na spika za kipimo chake. Kosa ni "itatosha". Tunaona haya kusema "nimezidiwa, nisaidieni", basi tunazungusha mpaka mwisho, tunafoka ndani ya nyumba tukidhani tunasikika. Taa ikiwaka, tuna tepu mfukoni. Na anayeungua ni nani? Ni mtoto anayelala akiamini baba anafoka kwa sababu yeye ni mbaya. Ni mama anayeomba radhi kwa chai isiyo na kosa lolote. Wanatuletea mayai, wapendwa. Nasi tunayapokea.

Injinia alikaanga mawili jioni ile. Hayakushuka vizuri.

Jumapili iliyofuata bibi hakukaa na kwaya. Alikaa mlangoni kando ya mumewe, amemshika mkono, na wimbo ulipoanza yeye alifumba mdomo. Injinia akamtazama ubeti mzima. Kisha akaibandua ile tepu, akaacha meza, akapita katikati ya kanisa mbele ya macho ya wote, kitambaa mkononi.

"Injinia, unakwenda wapi, mitambo nani anaangalia?" mzee mmoja akanong'ona.

Injinia akaendelea kutembea. Alipofika mlangoni akapiga magoti, kisha akasema, bila maiki, na kanisa zima likasikia:

"Bibi, sauti yako haina kosa. Mashine ilikuwa ndogo, na nilijua tangu siku ya kwanza. Taa iliniambia, nikaibandika tepu. Nikakusingizia wewe. Mayai yako haya hapa, yamebaki manne. Mawili nimeyala."