Upepeo wa Nyuma ya Pazia

Apepewaye husifu upepo. Mmelisikia neno hili asubuhi kwa Bi Kazija, alipokuwa akimsema yule bwana harusi aliyewashukuru wageni wote akawasahau walioungua jikoni, nanyi mkacheka bila kujua mnachokicheka. Basi kaeni. Methali hii ilianzia nyumbani kwa Fundi Vuai, katika mji wa Mwambeni, na haikuanza kwa kicheko.

Fundi Vuai alikuwa seremala. Mwambeni nzima hapakuwa na mlango wa maana ambao hakuutia bawaba yeye. Lakini fahari yake hasa ilikuwa dirisha moja, la chumbani kwake mwenyewe, alilolichonga kwa mti wa mfenesi na kulielekeza kaskazini. "Upepo ukivuka bahari hauulizi njia," alipenda kusema. "Unakuja hapa moja kwa moja." Watu walimwachia. Fundi hodari huvumiliwa majivuno yake.

Mwanawe wa pekee, Makame, alioa binti wa Mkunguni aitwaye Mize, wakakaa chumba cha uani. Hawakujaliwa mtoto, na mwaka wa tatu Makame akashikwa na homa, akaenda. Mize alikaa eda mle mle chumbani, miezi minne na siku kumi, akisuka pepeo za ukindu ili siku zipite. Kwa kazi hiyo hakuwa na mwenzake. Aliuchagua ukindu mwororo, akauanika, akautia rangi nyekundu ukingoni, na mpini akaufunga kwa uzi maradufu.

Eda ilikwisha, na kabla mwezi haujapita, Fundi Vuai akaanguka kutoka juu ya paa. Alibebwa hadi kitandani, akalazwa chali, na tangu hapo hakuweza kugeuza shingo wala mgongo. Joto la kaskazi nalo lilikuwa limepamba moto. Jasho lilimtoka mpaka godoro likalowa. Dada yake, Bi Time, akaja na upepeo, na mzee akafoka:

"Utoe huo! Mimi bi harusi? Au mmeshanihesabu maiti? Dirisha langu lipo. Yeyote atakayenipepea, nyumba hii aihame!"

Mize aliyasikia hayo akiwa nyuma ya pazia. Na hilo pazia lazima niwaeleze, maana nyinyi haya hizo hamkuzikuta. Zamani mkamwana hakutazamana uso kwa uso na baba mkwe wake. Pazia lilitundikwa nyuma ya kichwa cha kitanda, Mize akileta uji anauweka hapo, na Bi Time anaupokea. Mzee alikuwa akisikia miguu yake tu, ikija na kurudi.

Siku ya tatu upepo ulilala kabisa. Mize alimsikia mzee akihema kama mbuzi aliyekimbizwa, na moyo ukamuuma, kwa sababu Makame alihema vivyo hivyo siku zake za mwisho. Akaketi juu ya kirago, akaupenyeza mkono kando ya pazia, akaanza kupepea taratibu. Mzee akavuta pumzi ndefu.

"Alhamdulillahi," akasema. "Time, unaliona dirisha langu?"

Bi Time aliutazama ule mkono, akamtazama kaka yake. "Naliona, kaka."

Ikawa hivyo kila siku, tangu jua linapokuwa kali hadi linapopoa. Mkono wa kulia ukichoka, Mize alihamia wa kushoto. Viganja vikatoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine. Pepeo tatu zikaisha ukingo, akasuka ya nne. Wageni waliokuja kumjulia hali mzee waliuona mkono wakainamisha macho, kwa kuwa siri ya nyumba haitobolewi na mgeni. Mzee aliwasifia dirisha, nao wakaitikia. Mji mzima ukajua, isipokuwa mwenye kitanda.

Mize naye alikuwa na haja yake. Mama yake alikwisha kufa, na kule Mkunguni alikuwako kaka yake, na mke, na watoto saba ndani ya vyumba viwili. Alichokitaka ni kile chumba cha uani, ambamo kanzu ya Makame bado ilining'inia kwenye msumari. Mara mbili alimtuma Bi Time kumwombea. Mara mbili mzee alijibu, "Nitasema siku ya wasia."

Siku hiyo ikafika. Mwalimu Faki, msomeshaji wa chuo cha Kurani mjini, akaitwa kuandika.

"Vifaa vyangu wapewe mafundi niliowafunza," alisema mzee. "Mbao ziende msikitini. Na dirisha langu lisizibwe abadani. Ndilo lililoniweka hai."

"Na mkamwana?" aliuliza Bi Time.

"Mkamwana gani tena? Makame hayupo, eda imekwisha, mtoto hakuna. Arudi kwao, chumba akae mtu mwingine. Sijaona alilonifanyia zaidi ya uji."

Mkono ukasimama. Neno moja tu lingemwokoa Mize, lakini neno hilo lingemvunjia mgonjwa heshima mbele ya mgeni, na tena mzee alikwisha kuapa juu ya mwenye kumpepea. Akaulaza upepeo kiragoni. Akaenda kufunga kanga zake mbili na ile kanzu, akarudi kusimama nyuma ya pazia.

"Baba, nakuaga. Nisamehe nilipokosea."

"Nenda salama," mzee alijibu, kama anayemwitikia mpita njia.

Haukupita muda mrefu jasho likaanza kumtiririka.

"Time, nani kafunga dirisha?"

"Liko wazi, kaka."

"Lifungue zaidi!"

"Halina zaidi."

Mwalimu Faki akavua kofia, akajipangusa upara. "Fundi," alisema kwa upole, "upepo umelala tangu mwezi uliopita. Moshi wa jikoni unapanda wima."

Mzee akauliza, "Sasa mimi nilikuwa nikipata nini?"

Bi Time alilivuta pazia, akauokota upepeo, akaushika juu ya macho ya kaka yake. Ukingo mwekundu ulikuwa umechakaa. Mpini uliingia weusi wa jasho, na penye fundo la uzi palikuwa na damu iliyokauka.

"Mkono wa nani?"

"Ule ule wa uji."

Fundi Vuai alilia. Hakuweza kugeuka kujificha, machozi yakamwingia masikioni. "Mrudishe," akasema. "Mwambie nimeomba."

Bi Time alijifunga kanga kiunoni, akamfuata mwenyewe, akamkuta Mize kwenye kisima cha njiani amekaa kwa kuchoka na jua. Waliporudi, Mize alisimama nyuma ya kitanda kwa mazoea, ingawa pazia lilikuwa limeshaondolewa.

"Njoo huku mbele, mwanangu, nikuone."

Akaja, kichwa ameinamisha, uso umejaa vumbi na jasho. Mzee akauinua upepeo. Akampepea mara moja, akampepea mara ya pili, na mara ya tatu upepeo ukamwangukia kifuani.

"Mzito," akasema. "Mwalimu, andika. Chumba cha uani ni cha Mize, mpaka atakapotaka mwenyewe kuondoka. Lile neno la dirisha lifute. Mahali pake andika: apepewaye husifu upepo. Nisije nikafa watu wakadhani nilikuwa na akili."

Aliishi siku tisa baada ya hapo. Mize alikaa ubavuni pake bila pazia, wakionana, akampepea mpaka pumzi ya mwisho. Mvua za masika zilipoanza na upepo ukarudi, uliingia dirishani ukakuta kitanda kitupu.

Basi, wajukuu zangu, mkijiona mmestarehe, msikimbilie kulishukuru dirisha. Geukeni kwanza, maana nyinyi shingo mnazo, mtazame nyuma ya pazia kuna mkono wa nani. Apepewaye husifu upepo.