Joho la Joka Changyuan

Hapo zamani za kale, wanangu, mbingu ilipokuwa bado changa na haijazoea kukaa juu, nguzo yake moja ilipasuka huko Uchina. Kraaa! Mvua ikamwagika miezi mitatu bila kupumua. Mashujaa wa kwanza wakapanda juu, wakauziba ule ufa kwa mawe ya rangi tano, mvua ikakatika. Kisha wakaenda kulala. Wakubwa ndivyo walivyo: wakimaliza kazi kubwa hulala, kufagia huwaachia wadogo.

Na kulikuwa na cha kufagia! Bonde zima lilijaa maji, na mito ya milimani iliendelea kuyamwaga humo. Kikabaki kilima kimoja tu, Kilima cha Miforosadi, na wanyama wote wakakimbilia huko na vyungu vyao, mikeka yao na watoto wao.

Miongoni mwao alikuwamo Panya mmoja, jina lake Ruolan, fundi wa kushona. Viwavi wake walikula majani ya mforosadi, wakatema hariri, naye akashona. Alikuwa na watoto saba, na wa mwisho alilala ndani ya kikombe cha chai.

Kila asubuhi Ruolan alichoma sindano kwenye shina la mforosadi, pale maji yalipofikia. Siku moja akakuta sindano ya jana imezama, ya juzi haionekani kabisa. Akapima kutoka majini hadi mlangoni kwake: hatua tisa. Hatua za panya, lakini! Wewe unayecheka hapo nyuma, ni shubiri yako moja na nusu.

"Siku tatu," Ruolan akajisemea. "Siku tatu tu, maji yataingia kwenye kikombe cha mwanangu."

Maji yale yangeweza kwenda baharini. Njia ilikuwapo, mwanya mmoja kati ya milima miwili upande wa mawio ya jua. Lakini ndani ya mwanya huo alilala Joka Changyuan, amejikunja mara saba, tumbo lake kwenye maji baridi, anakoroma. Khrooo! Khrooo! Alikuwa ameuziba kama kizibo cha chupa.

Mkuu wa kilima alikuwa Simbamarara, Jemadari Bohu. Wanyama wakamwendea. "Jemadari, tuongoze!"

"Hapana, sistahili," akasema Bohu, macho chini.

"Tuongoze, Jemadari!"

"Hapana jamani, tafuteni mwingine."

"Tuongoze!"

"Haya, kwa kuwa mmenilazimisha!" Akaruka juu ya jiwe, kifua mbele.

Msimcheke. Huko kwao ndiyo adabu: jambo jema halipokewi mara ya kwanza wala ya pili. Mwenye heshima hukataa mara mbili, na mwenye kumheshimu humuomba mara tatu. Anayepokea mara ya kwanza huitwa mlafi.

Basi Jemadari Bohu akaamuru ukuta wa udongo ujengwe kukizunguka kilima. Nyati wakabeba, nguruwe wakakanyaga, bata wakapiga lipu kwa miguu. Ukuta ukasimama siku moja na nusu. Siku ya pili, pwaaa! Ukaanguka na kuondoka na jiko la Nguruwe.

"Ukuta ulikuwa mfupi," akasema Bohu. "Nipeni mkuki!"

Akapanda mtumbwi, akapiga makasia hadi mwanyani, akamdunga Joka ubavuni. Mkuki ukapinda. Joka akafungua jicho moja.

"Nini?"

"Ondoka hapa! Watoto wetu wanazama!"

"Nimelala," akasema Joka. "Kilima ndicho kihame."

Akapiga chafya. Chyaaa! Jemadari akaruka na mtumbwi wake, akaangukia mbele ya mlango wa Ruolan, chubwi! Masharubu yamelowa, koti limepasuka kwapani.

Lile koti lilikuwa limepasuka kwapani tangu zamani, na si kosa la Ruolan. Sheria ya mafundi wa kule ni kwamba anayepimwa nguo ya heshima hatazami nyuma wala hafungui mdomo mpaka fundi afunge fundo la mwisho kwenye uzi wake. Bohu aligeuka kuutazama mkia wake. Nguo ikamkataa.

Ruolan akamhurumia. Akaleta birika. "Chai, Jemadari."

"Hapana, asante, sina kiu," akasema Bohu, meno yakigongana.

"Kidogo tu, upate joto."

"Hapana, usijisumbue."

Macho ya Ruolan yalikuwa kwenye maji. Hatua tatu sasa. Mawazo yakamchukua, akaweka birika chini, akasahau.

Bohu akasubiri. Akakohoa. Akalitazama birika kama mtoto anavyotazama andazi la mwenzake. Mwishowe uvumilivu ukamwishia.

"Fundi! Jamani! Na ya tatu?"

Ruolan akashtuka. Akamtazama Jemadari mzima, mwenye kucha na mkuki, anayetetemeka kwa sababu hakuombwa kunywa chai mara ya tatu. Kisha akatazama mwanyani. Akaanza kucheka, hi hi hi, mpaka akakaa chini.

"Kunywa, Jemadari, kunywa birika zima! Mimi nachukua uzi wangu."

"Unakwenda wapi?"

"Kumhamisha Joka."

"Kwa uzi?" Wanyama wote wakaangua kicheko. Nyati alicheka hadi akapaliwa. "Maji yakianza kushuka, mfuateni Joka mkimwita Shujaa wa Maji," Ruolan akawaambia. Akawabusu watoto wake saba, mmoja mmoja, akapanda ganda la kibuyu, na kwa kijiti cha kulia wali akapiga kasia. Na nisiwafiche: aliogopa.

Akafika. Akapanda mdomoni mwa Joka, akamkuna puani.

"Nani huyo?" Joka akanguruma.

"Ni mimi, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona sikuoni?"

"Ndiyo kawaida yangu, babu. Mimi ni Ruolan, fundi. Sisi wa kilimani tunataka kushona joho. Moja tu, la hariri, halijawahi kushonwa mfano wake. Ni joho la Shujaa wa Maji."

Jicho la pili la Joka likafunguka.

"Walioziba ufa wa mbingu wana majoho yao," Ruolan akaendelea. "Aliyeonja majani yote ya porini mpaka akajua dawa na sumu, naye analo. Shujaa wa Maji bado hana. Nikasema, ngoja nikamuulize babu Changyuan kama atakubali nimpime."

Wee! Joka aliitika moyoni mpaka magamba yakalia kwa furaha, cha cha cha. Lakini adabu ni adabu. Akainamisha kichwa.

"Mimi? Hapana, mjukuu wangu. Sistahili."

"Unastahili, babu. Kubali."

"Hapana, hapana. Mimi ni mzee tu wa kulala matopeni. Tafuta mwingine."

Ruolan akashusha pumzi ndefu. Akaanza kukunja uzi wake. Polepole. Mkunjo mmoja, mkunjo wa pili.

"Basi, babu, sitakusumbua. Nitamwendea Kobe."

Joka akangoja. Ruolan akatia uzi kikapuni.

"Kobe?" akasema Joka.

"Kobe. Ana mgongo mpana, joho litamkaa vizuri. Kwaheri, babu."

"Wewe!" Joka akanguruma, mlima ukatikisika. "Mtoto huna adabu! Nani alikulea? Na ya tatu iko wapi?"

"Ya tatu?"

"Umeniomba mara mbili! Mbili! Nimekataa mbili! Sasa nifanye nini mimi?"

"Haa, samahani, babu, usingizi wako ulinitia haya." Ruolan akapiga magoti ili asionekane anavyocheka. "Tafadhali, babu Changyuan, kwa mara ya tatu, kubali nikupime."

"Haya, kwa kuwa umenilazimisha! Pima! Anza!"

"Hivyo ulivyojikunja, babu, siwezi. Nitajuaje urefu wa joka aliyefungwa fundo? Joho huvaliwa kwa kutembea. Basi elekea mawio ya jua, nyooka, utembee kama mkubwa aingiavyo ukumbini. Mkia uburuze chini, kwa uzito. Wadogo ndio hubeba mikia yao juu."

"Hilo najua," akasema Joka.

"Na sheria ya mafundi unaijua. Hutazami nyuma wala hufungui mdomo mpaka nifunge fundo. Ukigeuka, nguo itakukataa, kama ya Jemadari."

"Nililiona koti lake," akasema Joka kwa huruma. "Aibu." Akafunga mdomo.

Akajikunjua. Mkunjo wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi wa saba. Kichwa kikatoka mwanyani, mwili ukafuata, na mkia mzito ukaanza kulima ardhi nyuma yake. Kwaruuu! Kwaruuu! Mawe yakakaa pembeni, mtaro ukafunguka, mpana kuliko nyumba kumi.

Na maji, wanangu, yalipoona njia, hayakuombwa hata mara moja. Shwaaaa!

Ruolan alikuwa amekaa kwenye ncha ya mkia, ameshika uzi kwa meno na roho kwa mikono miwili. Matone yalimlowesha. "Mzito zaidi, babu! Hivyo! Sasa kata kona kidogo, pana kijiji cha mchwa hapo mbele! Safi!"

"Mmm?" akauliza Joka, mdomo umefungwa. Alikuwa anasikia kishindo nyuma yake. "Mmm-mm-mmm?"

"Unafuatwa, babu! Mkubwa akitembea hufuatwa!"

"Mmmmm," akasema Joka, akaridhika, akaukandamiza mkia zaidi.

Wakavuka tambarare na mashamba yaliyokuwa yamelala chini ya maji, mpaka pua ya Joka ikagusa chumvi. Ruolan akafunga fundo.

"Tayari, babu."

Joka akageuka. Akaona mto. Mto mrefu, unaometa, unatoka milimani na kuingia baharini mbele ya pua yake. Alipokuwa amelala palikuwa mbali kiasi kwamba hata hapaoni, na maji yamekwisha kupita. Hakuna tena cha kuziba wala dimbwi la kulalia.

"Umenidanganya!" Akafumbua mdomo, na Ruolan akaona meno, akaona koo, akawaona watoto wake saba waziwazi mbele ya macho yake.

"Sikukudanganya, babu," akasema. "Nilisema joho ni la Shujaa wa Maji. Asubuhi hakuwapo. Sasa yupo, na vipimo vyake ninavyo. Sikiliza!"

Joka akasikiliza, mdomo wazi. Kutoka mbali, kando zote mbili za mto, wanyama walikuwa wanakuja mbio na masufuria na vyungu, wanavipiga. Ngo! Ngo! Ngo! "Changyuan! Changyuan! Shujaa wa Maji!"

Joka akafunga mdomo. Akaufungua tena. "Mimi?" akasema kwa sauti ndogo, na safari hii haikuwa adabu. Hakuna aliyewahi kumwita kitu ila "ondoka".

Jemadari Bohu akafika wa kwanza, anahema. "Shujaa gani! Aliyefanya kazi ni huyu P—"

Ruolan akamrukia mdomoni, akamziba. "Shh! Jemadari, unataka arudi?"

Bohu akafikiri. Kisha akapiga chungu chake kwa nguvu kuliko wote. Ngo! "Changyuan!"

Jioni hiyo Ruolan alirudi kilimani. Maji yalikuwa yameshuka, sindano zake zote zimejipanga kwenye shina la mforosadi, juu hadi chini, zinakauka. Mtoto wa kikombeni alikuwa hajaamka hata mara moja. Ruolan akalia kidogo, machozi ya raha, kisha akatia uzi sindanoni, maana ahadi ni deni.

Walishona mwaka mzima. Joho lilikuwa refu hivi kwamba wanyama arobaini walilibeba juu ya fito, na kwa kuwa kila mmoja alikwenda kwa mwendo wake, Nyati hapa, Bata pale, lilipanda na kushuka njiani kana kwamba lenyewe linacheza. Wakalipeleka hivyo kwa ngoma mpaka baharini. Wasemao husema ndiyo maana hadi leo huko, siku za sikukuu, watu hubeba joka la kitambaa juu ya fito na kulichezesha barabarani.

Joka Changyuan akainua kichwa kutoka mawimbini. Akaliona joho. Machozi yakamlengalenga.

"Pokea, babu," akasema Ruolan.

"Hapana," akasema Joka, anajikaza. "Sistahili."

"Pokea, Shujaa wa Maji."

"Hapana, mjukuu wangu, mpeni mwingine."

Ruolan akaangalia kucha zake. Akasafisha sharubu la kulia, akasafisha la kushoto. Wanyama arobaini wakaziba midomo. Bahari yote ikasimama.

"Ruolaaan!" Joka akalia. "Mjukuu wangu! Usinifanyie hivyo!"

Ndipo Ruolan akacheka mpaka akaanguka mchangani, na Joka naye akacheka mpaka mawimbi yakawalowesha wote, na katikati ya kicheko Ruolan akamwomba mara ya tatu, naye Joka akalipokea joho.

Uzi wangu umeishia hapa, nami nafunga fundo. Mnaweza kugeuka na kusema: maji hayazuiwi kwa ukuta wala mwenye kiburi kwa mkuki, vyote viwili huchimbiwa njia.