Poda Mbele ya Daktari

Wapendwa, wale wanaotazama saa wanivumilie kidogo. Kulikuwa na mama mmoja, mpambaji wa maharusi. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Hakuna kovu wala chunusi iliyomshinda. Picha zikitoka, hata mama mzazi wa bibi harusi anauliza huyu ni nani.

Basi mama huyu akatokwa na viraka vya manjano kwenye kope, upande wa puani. Havikuuma, havikuwasha. Vilikaa tu pale, kama siagi iliyopakwa kwa ncha ya kidole, na vikamnyima raha. Akizungumza na mteja, mkono uko usoni. Akiamka, anajipaka kabla ya kuwasha jiko, mumewe asimwone. Jirani akamshauri apake kitunguu saumu. Kikamchoma kope vibaya, na viraka vikabaki palepale.

Siku moja mdogo wake alimkuta hajajipaka, akashtuka.

"Dada, hivyo ndivyo alivyokuwa navyo baba."

"Vya baba vilikuwa alama ya kuzaliwa."

"Alama gani ya kuzaliwa inayomtokea mtu akiwa na wajukuu? Na baba alikufaje, umesahau? Alishika kifua, akaanguka. Nenda hospitali, dada."

Hakwenda. Ila maneno yale yakamkaa rohoni. Kila alipopanda ngazi, kifua kikimbana, alimkumbuka baba yake, na usingizi ukawa wa mang'amung'amu. Mwishowe akaamua kwenda. Mnajua alianza na nini? Aliketi mbele ya kioo, akajipodoa kwa ufundi wake wote. Mtu anakwenda kutibiwa, anaanza kwa kuficha ugonjwa!

Kwenye foleni hakutulia. Jasho likimtoka, anachomoa kioo mkobani na kurekebisha. Zamu yake ikafika. Daktari akampima presha, akausikiliza moyo, akamtazama usoni.

"Kuna jambo jingine linalokusumbua, mama?"

"Hakuna, daktari."

"Basi huenda ni uchovu. Pumzika, na ukibanwa tena urudi upesi."

Akatoka akiwa na furaha. Lakini haikuwa furaha ya mtu aliyeambiwa ni mzima, wapendwa. Ilikuwa furaha ya mtu ambaye hakuonekana. Alipofika getini ndipo akaelewa alichokifanya. Amemficha daktari, sawa. Na kile kifua atakificha wapi?

Akageuka. Akamwomba muuguzi maji na sabuni, akanawa mpaka uso ukabaki wake, akaingia tena, akaeleza na habari za baba yake. Daktari akasogea karibu.

"Sasa nimekuona," akasema. "Haya ni mafuta, mama. Viraka vyenyewe havina hatari, ila vinatuambia tuangalie damu. Wapo wenye viraka hivi na damu yao haina shida. Lakini wewe una kifua kinachobana, na baba yako alikufa hivyo. Hatutakisia, tutapima."

Wakapima. Damu ilikuwa imejaa mafuta, na moyo ulikuwa umeanza kulemewa. Akapewa dawa ya kumeza kila siku, akaambiwa apunguze nyama nono na vya kukaanga, na mdogo wake naye aende akapimwe.

"Na hivi viraka?" akauliza, bado mkono uko kwenye jicho.

"Mtaalamu anaweza kuviondoa, ingawa huenda vikarudi. Tuanze na kilicho ndani."

Sasa tuje kwetu sisi. Asubuhi hii tumependeza, suti zimenyooka, vitenge vinang'aa. Tunapiga magoti, tunaomba mvua, tunaombea safari za watoto. Lakini lile doa tunalolikagua kila tukiamka, nani amelitaja? Bwana anatuuliza, "Kuna jambo jingine, mwanangu?" Tunajibu hakuna, kisha tunatoka mlangoni tunacheka. Tunafurahia nini? Kwamba tumepona, au kwamba hatukuonekana?

Mtaniambia Mungu anaona hata chini ya poda. Naam, anaona. Lakini hatakunawisha kwa nguvu. Anataka uombe maji mwenyewe, kabla hujafika getini na kushindwa kurudi.

Kwaya, msianze kuimba bado. Tunyamaze kidogo, kila mtu anawe uso wake.