Mti wa Gome la Shaba

Hapo zamani, tena zamani yenye tarehe yake, Jumatatu ya tarehe 4 Machi 1963, mjane aitwaye Mandia alipanda mche uani kwake, katika mji mdogo wa milimani. Haukuwa mti wa matunda wala wa kuni. Ulikuwa wa pambo tu, usiozidi kimo cha paa, ambao kila Oktoba gome lake kuukuu hujiambua na kuacha shina jekundu, nyororo, linalong'aa kama sufuria mpya ya shaba.

Mandia akaumwagilia kiangazi cha kwanza, akaumwagilia cha pili, akaumwagilia cha tatu, ndoo kichwani kutoka mtoni. Lakini matawi yalisonga toka chini hadi juu, shina lisionekane. Ndipo tarehe 12 Januari 1966 shemeji yake, Shebughe, alipoingia na msumeno akayakata yote ya chini.

"Umeninyolea mtoto bila ruhusa!" alilia Mandia.

"Shemeji, alikuwa amevaa koti. Nimemvua tu."

Mwezi mzima Mandia hakuitikia salamu yake.

Ikaja Juni 1968. Mji ulitafuta msimamizi wa bustani mpya ya umma, na Bwana Shamba alitangaza kwamba Jumamosi tarehe 15 angemkabidhi ufunguo wa bustani hiyo mtu aliyekuza mti mzuri kuliko yote. Mandia aliutamani ufunguo ule mno! Ua wake ulikuwa na upana wa hatua kumi tu, na miche saba ya mti ule ilibanana makoponi ikifa kwa kukosa ardhi.

Ijumaa, Mandia akiwa mtoni, jirani yake Mzee Hoza akaja na debe la chokaa. Katika mji ule, akija mgeni wa serikali, kila jiwe na kila shina hupakwa chokaa, ndiyo heshima. Basi Hoza, kwa nia njema kabisa, akalipaka shina lote.

Mandia aliporudi, ndoo ilimponyoka. "Mzee Hoza! Uzuri wa mti huu ni gome! Umemvisha bibi harusi gunia!"

"Nilidhani nakusaidia, mwanangu."

Asubuhi Mandia akamwaga maji, Shebughe akasugua, chokaa haitoki. Wakamwaga, wakasugua, haitoki. Bwana Shamba huyo mlangoni, na umati nyuma yake! Mara, pwaa! Chokaa ikapasuka, ikabanduka na gome kuukuu ililoling'ang'ania, na shina likatokea jekundu, miezi minne kabla ya wakati wake! Vigelegele vikapaa.

"Tangu nianze kazi tarehe 1 Septemba 1949 sijaona kitu kama hiki," alisema Bwana Shamba. "Ni kazi ya nani?"

"Yangu," alisema Mandia. "Bila maji yangu, hapa pangekuwa na kijiti kikavu."

"Yangu," alisema Shebughe. "Bila msumeno wangu, mngekuwa mnatazama kichaka."

"Na bila kosa langu," alisema Hoza, "leo mngeona gome la kijivu, mkaenda zenu."

Umati ukacheka, ukagawanyika, ukapigiana kelele. Bwana Shamba akakuna kichwa, kisha akauweka ufunguo kiganjani mwa Mandia. "Mama, ua ni wako. Mpe anayestahili, hata kama ni wewe mwenyewe."

Mandia akaitazama miche yake saba. Akamtazama Shebughe, akamtazama Hoza, akaufumba ufunguo kiganjani.

Enyi mnaonisikiliza, kiganja kile kingekuwa chenu, mngekifungua mbele ya nani?