Mstari wa Saba

Mpelekee hii mtu yeyote anayependa kupima vitu.

Mtafiti mmoja wa mbegu, binti aitwaye Nsia, alitumwa kutafuta kunde ya kustahimili ukame na kuwalisha watoto vizuri. Alipanda aina kumi na mbili, kila aina mstari wake, katika shamba la Mama Lechipya, mkulima wa Kongwa. Aina moja ingegawiwa wakulima. Kumi na moja zingetupwa.

Mvua ilikatika mapema, kama Nsia alivyotaka. Kilichomkera ni mstari wa saba.

Kila Jumatatu alipokuja kupima, aliukuta umenyolewa. Majani machanga yote hayapo! Mistari mingine haikuguswa.

Akasimika kibao: USIGUSE. Wakachuma. Akazungushia miiba. Wakachuma, na miiba wakairudisha vizuri mahali pake.

"Shikamoo, mama. Nani anakula utafiti wangu?"

"Marahaba, mwanangu. Labda mbuzi."

"Mbuzi anayeruka mistari sita bila kuionja?"

"Mbuzi wa siku hizi wamesoma."

Nsia hakucheka.

Siku ya mavuno alipima punje, akarudia mara mbili. Mstari wa tatu uliongoza. Wa saba ulikuwa wa tano. Akaukata daftarini kwa kalamu nyekundu.

Mama Lechipya akashika kichwa. "Umeufuta?"

"Nimeufuta! Wiki sita mnauchuma, sasa nitajuaje ungezaa kiasi gani? Mmeniharibia kazi!"

"Basi nikiri. Mbuzi ni mimi, na majirani wanne."

"Lakini kwa nini huo huo, mama? Shamba zima mmeona huo tu?"

"Hiyo mingine, jua lilipokaza, majani yalikakamaa kama karatasi. Huo ulibaki laini. Mwaka jana miezi kama hii wajukuu wangu walikula ugali kwa chumvi. Mwaka huu wamekula mboga kila siku."

Nsia akafungua daftari. Kulikuwa na safu ya urefu, safu ya maua, safu ya wadudu, safu ya punje. Safu ya majani haikuwepo. Na mstari uliochumwa wiki sita bado ulikuwa umeishinda mistari saba isiyoguswa!

Akamkasirikia mama, akalikasirikia daftari, mwisho akajikasirikia mwenyewe.

"Mbona hukuniambia?"

"Uliuliza nani anakula, mwanangu. Hukuuliza anafuata nini."

Nsia akachora safu mpya kwa rula, kisha akapiga simu ofisini. Mbegu ya saba isitupwe, alisema, na yeye apewe msimu mmoja zaidi, safari hii na mizani ya mboga.

"Na miiba usilete tena," Mama Lechipya akadakia. "Imetuchoma sana."

Funzo: Kabla ya kumwita mtu mharibifu, tazama anachokichagua; huenda mkono unaokuvurugia kipimo ndio unaokuonyesha ulichosahau kupima.