Bibi Subilaga na Makaa ya Mhunzi

Paukwa!
Pakawa!
Sogeeni, nyumba ijae. Leo namkumbuka Bibi Subilaga.

Hapo zamani za kale, katika kijiji cha milimani, kiliingia kipupwe kikali. Mvua ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha. Kuni zikalowa zote. Umande ukaganda majanini, mweupe kama unga. Meno ya watoto yakagongana, tete-tete-tete!

Mhunzi Anyosisye aliona huruma. Makaa yake yalikuwa makavu, akawagawia majirani. Mengine akayaingiza nyumbani mwake, yakiwaka ndani ya chungu. Mkewe, Tusekile, akaziba dirisha kwa ngozi, na nyufa za mlango kwa udongo.

“Joto lisitoke,” alisema.

Usiku ulipoingia, Bibi Subilaga akapita pale, mgongo umepinda, anajikongoja.

“Hodi!”
Kimya.
“Hodi, wanangu!”
Kimya. Akatega sikio. Ndani mtoto alikoroma kwa shida, kama anayezama.

Uani palikuwa na mchi. Yule bibi kizee akaunyanyua! Kwa! Kwa! Kwaaa! Mlango ukaanguka. Akaizuia pumzi, akaingia, akatoka na mtoto. Akaingia, akatoka akimburuta Tusekile. Akaingia tena. Majirani waliokuja mbio wakaduwaa: Bibi anamkokota mhunzi, pande la mtu!

Mtoto akakohoa. Tusekile akatapika. Mhunzi akakawia, akakawia... akafumbua macho.

“Bibi, nimerogwa?”

“Hujarogwa, mwanangu. Makaa hayana moshi, lakini yana sumu isiyoonekana wala kunuka. Ukiyafungia ndani yakiwaka, yanakuua usingizini. Nani mwingine anayo?”

“Kijiji kizima, Bibi.”

“Yatoeni nje! Fungueni milango!”

Watu wakatimua mbio, nyumba hadi nyumba. Vyungu vikatoka, puu! puu!

“Sasa baridi itatuua,” Tusekile akalia.

“Haituui. Pasheni mawe moto huku nje, myafunge kwa ngozi. Njooni kwangu nyote.”

Wakajazana nyumbani kwake. Nyasi kavu chini, watoto katikati, wazee kando yao, mawe ya moto miguuni. Moto ndani hakuna. Dirisha Bibi akaliacha wazi kidogo, na hakuna aliyethubutu kuliziba. Wakakaa hivyo, pumzi kwa pumzi, hadi jua likatoka. Bibi akahesabu watu wake kwa kuwagusa vichwa. Wote wazima. Watu wazima na ndevu zao wakampigia magoti.

Basi, wanangu, fukuzeni baridi, lakini hewa msiifungie mlango.

Hadithi yangu imeishia hapo; aliyeisikia akamwambie jirani.