Wakaguzi Waliporudi

Fungeni Biblia kidogo, wapendwa, mnisikilize. Leo nimekasirika na sitaki kuficha.

Palikuwa na nchi moja iliyojenga mtambo wa umeme wa nyuklia. Mnajua nyuklia. Inatoa umeme mwingi, lakini siku ikitokea hitilafu, ile mionzi huioni wala huisikii harufu, na inaua. Kwa hiyo mkurugenzi wa mtambo akaalika wataalamu kutoka nchi mbalimbali waje kukagua usalama. Hapo alifanya vizuri. Wakaja, wakapanda ngazi, wakafungua milango, wakahoji mafundi, mwisho wakaandika ripoti. Walisifu mengi. Ila wakasema jambo moja haliwezi kungoja: king'ora cha hatari hakisikiki kijiji cha bondeni, kilima kinakizuia. Wekeni kingine huko huko chini, na watu wafundishwe kwamba wakikisikia wakimbilie shule ya juu. Sisi tutarudi baada ya mwaka na nusu, tuone mmefikia wapi.

Mnadhani mkurugenzi alifanya nini? Alifanya sherehe. Kurasa za sifa zikasomwa kwa kipaza sauti, watu wakala pilau. Ya king'ora hakuisoma. Kila wakaguzi walipouliza, alijibu kwamba jambo hilo linafanyiwa kazi. Neno hilo mnalijua, maana hata hapa kanisani tunalipenda sana.

Miezi ikaenda, wakaguzi wakasema sasa tunakuja. Hapo ndipo mbio zikaanza. Mawe ya barabarani yakapakwa chokaa. King'ora hakikununuliwa, ila wajumbe wa nyumba kumi walitumwa mlango kwa mlango kule bondeni: Alhamisi, saa nne kamili asubuhi, kila mtu atoke, abebe mtoto, aelekee shuleni haraka haraka, na asicheke. Baadaye kuna soda.

Alhamisi ikafika. Mpango wa mkurugenzi ulikuwa king'ora kilie saa nne, na wageni watazame kwa mbali wakiwa getini. Kumbe kiongozi wa wakaguzi, mama mmoja mtu mzima asiye na papara, akasema anataka kushuka bondeni akasikie kwa masikio yake mwenyewe, na fundi asiwashe king'ora mpaka yeye ampigie simu. Mkurugenzi jasho likaanza kumtoka. Angemkatalia vipi? Wakapanda gari, wakateremka.

Ndiyo kwanza wanashuka kwenye gari, saa nne ikafika, milango ya kijiji kizima ikafunguka. Wanawake na watoto wao mgongoni, wazee na fimbo zao, wote mbio kuelekea juu, na kweli hakuna aliyecheka. Yule mama akatazama simu yake, akamgeukia mkurugenzi.

"Nani amewaita hawa? Mimi bado sijapiga."

Mama akapiga simu, fundi akawasha. Watu wakasimama njiani, wakatega masikio. Hawakusikia kitu. Mwanamke mmoja mwenye kichanga mgongoni akamwendea mkurugenzi, akamwuliza kwa adabu kama wamekosea mahali.

"Mmefanya vizuri, mama," akasema. "Hii ya leo ilikuwa ya wageni."

"Na siku itakayokuwa ya kwetu, baba, nani atapita kutuambia ni saa ngapi?"

Mjibuni huyo mama. Nani? Wakaguzi keshokutwa wako kwenye ndege, kwao ni mbali. Ripoti ile haikuandikwa kwa faida yao. Iliandikwa kwa ajili ya kile kichanga, na mkurugenzi akaifanya mtihani, akatafuta namna ya kuibia. Huo ni ukatili, nasema wazi.

Na sisi je? Askofu alitutembelea mwaka jana. Akasifu kwaya, akasifu paa jipya. Halafu akatuambia kuna ndugu wawili humu, tumbo moja, hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba, na watoto wao wanarushiana mawe kisimani. Wapatanisheni, akasema, kabla mtu hajaumia. Tukampelekea majibu kwamba linafanyiwa kazi. Nani kati yenu alikwenda kwao? Nyoosheni mikono niwaone.

Mwezi ujao askofu anarudi. Na juzi ninyi wazee wa kanisa mmenijia na mpango: wale ndugu waombwe kushikana mikono hapa mbele, Jumapili hiyo moja tu, kwaya iimbe, askofu afurahi. Mmekaa chini, mkafikiri, mkaona hiyo ni busara. Hamkuona hata aibu.

Basi nawapa habari. Jana jioni, pale kisimani, mtoto wa yule ndugu mdogo amepigwa jiwe la jicho. Yuko hospitali ya wilaya, na daktari hajui kama ataona tena. Baba yake mkubwa yuko humu ndani, amekaa, ananisikiliza, na hajaenda kumwona. Simtaji. Nikisema amina natoka kwenda hospitali, lakini kwanza nitasimama pale mlangoni mwa kanisa mpaka huyo baba mkubwa atakapotoka, twende naye.